Siku Niliyomshinda Swaleh

Usinionee huruma. Naanza na hilo kabisa, maana watu wa huku wakimwona mzee ameinamisha kichwa wanakimbilia kusema pole, na mimi pole siitaki. Mimi Bartolomeo, katekista wa kigango chetu miaka kumi na tisa sasa, mkulima wa ngano na maharage hapa Bashay, ndimi niliyemwaibisha mama wa watu mbele ya mnada mzima wa Karatu. Sikulewa. Sikutumwa na mtu. Ni mdomo wangu tu, mdomo huu huu unaofundisha watoto Kanuni ya Imani.

Swaleh na mimi tulikuwa marafiki. Ni Mrangi wa Kondoa, mfupi, mcheshi, ana duka la mashuka na vitenge karibu na uwanja wa mnada. Siku ya mnada nikishauza vitu vyangu nilikuwa nakaa kwenye benchi lake la nje, mkewe Mwamini, ambaye wote tunamwita Mama Salha, analeta chai ya tangawizi, na sisi tunaanza. Mada yetu ilikuwa moja miaka yote: Utatu Mtakatifu. Yeye anasema Mungu ni mmoja, basi, hana mwenza. Mimi nasema ndiyo, ni mmoja, na huyo mmoja ni Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Yeye ananiuliza, "Mwalimu, hivi hesabu ulifaulu kweli wewe?" Mimi namjibu, "Sheikh, Mungu si gunia la maharage, hapimwi kwa debe." Yeye hakuwa sheikh, na mimi sikuwahi kufundisha shule yoyote. Ulikuwa utani wetu.

Watu walipenda, we! Walikuja wakulima wenzangu, walikuja madereva wa watalii waliokosa safari, walikuja Wamasai wa kutoka hata Oloipiri huko, wamemaliza kuuza ng'ombe na wanatafuta shuka jipya. Mmoja wao, mzee Sironka, alijiteua kuwa mwamuzi. Akiona mmoja wetu kabanwa anagonga fimbo chini na kusema, "Hapo umekufa!" Siku nyingine nilikufa mimi, siku nyingine Swaleh. Na aliyependa kuliko wote ni mimi. Kuna siku za mnada nilishuka mjini sina hata sado moja ya maharage ya kuuza, nikamdanganya mke wangu Lukresia kwamba naenda kuulizia bei ya mbolea.

Siku moja kwenye hayo mabishano Swaleh aliniuliza, mtoto wa Kikristo akitaka kufa na padre yuko mbali, mnafanyaje? Nikavimba kichwa. Nikamwambia kwetu mlango uko wazi, kwenye hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza. Hata asiye Mkristo. Hata asiyeamini neno moja. Anamwaga maji kichwani, anasema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," na awe na nia ya kufanya kile ambacho Kanisa linakifanya, imetosha. "Hata wewe, Sheikh, unaweza," nikamwambia. Watu wakaangua kicheko. Swaleh akasema, "Mungu aniepushie mbali!" naye akacheka. Mama Salha alikuwa anakusanya vikombe. 

Binti yangu wa mwisho, Angela, alikuwa amepanga chumba uani kwa Swaleh, nyuma ya duka, yeye na mumewe Adrian, dereva wa watalii. Mwezi wa nne, mvua imeshika kweli, Angela ana mimba ya miezi saba, uchungu ukamjia ghafla. Swaleh alikuwa Arusha kuchukua mzigo. Adrian alikuwa chini kreta, kwenye bonde la wanyama, na wageni wake, simu haipatikani. Mimi nilikuwa shambani, simu nimeiacha nyumbani inachaji. Alikuwepo Mama Salha peke yake. Aliita gari, gari likakwama kwenye matope, na mtoto hakusubiri gari.

Alikuwa wa kiume, anaenea kwenye viganja viwili. Pumzi ilikuwa inakuja na kukatika. Angela akaanza kupiga kelele, "Mbatize, Mama Salha! Mwite Inosenti! Mbatize, anakufa!" Na yule mama, ambaye hajawahi kukosa swala tangu nimjue, akachukua birika lake la kutawadhia lililokuwa pale karibu na mlango, akamwaga maji kidogo kwenye kichwa cha mtoto mara tatu, akayasema yale maneno. Yote, bila kuruka hata moja. Aliyasikia kwangu. Angela alikuwa ameshazimia, akaja kuambiwa baadaye. Mtoto akafika hospitali akiwa hai, akafa saa kumi jioni.

Nilipofika hospitali, Mama Salha alinivuta pembeni kwenye korido. Gauni lake lilikuwa na damu ya mwanangu hadi magotini. "Baba Angela," akaniambia, "nimekufanyia la kwako. Na wewe nifanyie la kwangu. Liishie hapa. Mume wangu asilijue, msikitini wasilijue. Mimi nafundisha mabinti madrasa. Ikisikika nimetamka vile, uso wangu nitauweka wapi?"

Unajua nilimjibu nini? Mtu mwenye akili angesema asante. Angempigia magoti. Mimi nikamwuliza, "Lakini ulikuwa na nia? Ulikusudia, au ulitamka tu?"

"Nilikusudia alichokusudia Angela," akasema. "Zaidi ya hapo usiniulize."

Nikaapa. Nilitoa rozari mfukoni nikaapa juu yake, bila kuombwa. Padre Julius nilimwambia mtoto amebatizwa na jirani, hakuuliza jirani gani. Tukamzika Inosenti kwa sala zote, na kajeneza kake kadogo ambako Adrian alikabeba mwenyewe mikononi. Baada ya mazishi Angela alikuwa anarudia jambo moja tu. "Angalau alibatizwa, baba. Angalau hilo." Padre alimwambia huruma ya Mungu ni pana kuliko maji yetu, naye akaitikia, lakini kilichokuwa kinampa usingizi ni yale maji. Mama yake aliniambia hivyo. Nilijua. Usije ukafikiri sikujua.

Sasa sikia nilichofanya.

Ilikuwa mnada wa mwezi wa saba, kavu, vumbi tupu, watu wengi kuliko kawaida. Swaleh alikuwa amekaa vizuri siku hiyo. Kila nililosema alilipangua. Nikaona watu wanaanza kumpigia makofi yeye, hata Wakristo, hata mtoto wa ndugu yangu! Hasira ikanipanda. Na nikiwa na hasira huwa nafanya ujinga, hilo muulize Lukresia. Nikatumia mfano wa mafiga. Kwenye semina ya makatekista kule Mbulu mkufunzi alitukataza kabisa. Alisema msimwelezee Mungu kwa mafiga, wala kwa maji na mvuke na barafu, mtapotea na mtapoteza watu. Lakini mimi nikasimama nikasema, "Angalieni! Mafiga ni matatu, chungu ni kimoja!"

Swaleh akainua kikombe. Akanywa chai. "Mwalimu," akasema, "ukiondoa figa moja, chungu kinakaa?"

"Hakikai."

"Basi kila figa peke yake si jiko. Baba peke yake si Mungu kamili, ni theluthi ya Mungu." Watu wakaanza kuguna. Hajamaliza. "Na yule wa pili, si mnasema alikufa siku tatu? Siku hizo tatu chungu cha dunia kilikuwa kimesimama juu ya mafiga mangapi?"

Loo! Mnada ulilipuka. Sironka aligonga fimbo hadi vumbi likaruka, "Hapo umekufa! Umekufa na umezikwa!" Vijana wakanyanyua simu kunirekodi. Mtoto wa ndugu yangu alicheka hadi akashika tumbo. Jibu lilikuwepo, ndugu yangu, jibu lipo kwenye daftari langu la semina, lakini wakati ule kichwani palikuwa peupe. Nilichoona ni meno tu, meno ya watu wanaonicheka.

Nikasema, "Unacheka? Mcheke mkeo kwanza!"

Swaleh akafikiri ni utani. "Mke wangu kafanyaje tena?"

"Muulize ni nani aliyembatiza mjukuu wangu! Humu humu ndani kwako, kwa birika lako la kutawadhia! Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kayatamka yote matatu. Wewe unayakataa hapa nje, mkeo anayasema ndani!"

Kicheko kilikatika. Mama Salha alikuwa mlangoni mwa duka, ameshika sinia la vikombe. Swaleh akageuka. "Mwamini, ni kweli?" Akamwuliza kwa sauti ndogo, ya nyumbani. Naye akasema, "Mtoto alikuwa anakufa." Akaweka sinia chini taratibu, akaingia ndani.

Swaleh hakunitukana. Alianza kukunja mashuka yake, moja moja, akayaingiza, akafunga duka saa nane mchana siku ya mnada. Na hapo nyuma yangu watu wa upande wangu wakaanza kupiga makofi. Kupiga makofi! Mmoja akanibeba begani. Nikashinda, unaona. Siku hiyo ndiyo niliyomshinda Swaleh.

Jioni video ilikuwa kwenye kundi la simu la kigango. "Mwalimu kawamaliza," wameandika, na vidole gumba kibao. Lukresia alinigombeza kwa Kiiraqw, lugha anayoitumia hasira yake ikipita kiasi, na usiku huo akalala na wajukuu chumba cha pili. Ndani ya wiki nikasikia mengine. Madrasani Mama Salha ameambiwa apumzike kwanza, mpaka jambo lake lieleweke. Wanawake waliokuwa wanasuka naye ukili hawapiti tena mlangoni kwake. Kaka yake amepiga simu kutoka Kondoa, amemwambia maneno ambayo sitayarudia. Na kwenye kundi letu la kigango akatokea mjuaji mmoja akauliza: lakini huyo ni Mwislamu, nia ya kubatiza aliitoa wapi? Huo ubatizo unahesabika kweli? Wakaanza kubishana, ishirini, thelathini, juu ya kichwa cha Inosenti. Angela yumo kwenye kundi hilo. Alisoma yote.

Alikuja Bashay kwa miguu. Hakuketi. "Baba, uliapa," akaniambia, akaondoka.

Mwanamume mwenye adabu hapo angeenda kwa Mama Salha, akapiga hodi, akauliza, nifanye nini? Mimi sikuuliza mtu. Nililala siku nne nikijipangia, na nikapata dawa, nikaiona dawa nzuri kabisa. Nitarudi kwenye mnada ule ule, mbele ya watu wale wale, niseme nilidanganya. Mama Salha hakutamka chochote. Nilitunga kwa hasira. Wazee wa msikiti watasikia, madrasa atarudishwa, Swaleh atafungua duka kwa raha. Mimi nitaitwa mwongo, na ukatekista huenda ukaniponyoka, lakini acha uniponyoke! Nilikuwa najisikia vizuri, Mungu anisamehe. Nilivaa shati langu la Pasaka.

Mnada uliofuata nilisimama pale mbele ya benchi. Sikukaa. Nikapaza sauti, watu wakajaa mara moja. Swaleh alikuwa mlangoni, amekonda. Nikasema, "Siku ile nilisema uongo. Nilikuwa nimeshindwa, nikatafuta pa kupigia. Mama Salha hakubatiza mtu. Hakutamka neno. Mwenye kosa ni mimi peke yangu, msimseme tena mama wa watu."

Nikamwona Swaleh anavuta pumzi, "Alhamdulillah," mabega yakamshuka. Hata Sironka akatikisa kichwa kuonyesha kwamba nimefanya kiume. Nikasema moyoni, umeona, Bartolomeo?

Ndipo nikasikia sauti ya Angela.

Alikuwa nyuma ya watu, pembeni ya Adrian, na mfuko wa nyanya mkononi. Hakuwa amekuja kunisikiliza, alikuja kununua nyanya. "Baba," akasema, "kwa hiyo Inosenti hakubatizwa?"

Watu wote wakanigeukia. Kweli nakwambia, hilo sikuwa nimelifikiria. Siku nne nimepanga kila neno, nimefikiria wazee wa msikiti, nimefikiria padre, nimefikiria mpaka shati, na mtoto wangu sikumfikiria. Nikifumbua mdomo kusema amebatizwa, Mama Salha anarudi palepale motoni. Nikisema hakubatizwa, nammaliza Angela. Nikatazama viatu vyangu. Nikanyamaza, mimi niliyekuwa siwezi kunyamaza.

"Alibatizwa."

Ni Mama Salha aliyesema. Alikuwa ametoka hadi kizingitini, amejitanda mtandio wake mweusi. Swaleh akamwambia taratibu, "Mwamini, acha. Limeisha." Akasema, "Halijaisha, Baba Salha, huyu mtoto anauliza." Akapita katikati ya watu mpaka kwa Angela, lakini alisema kwa sauti ya wote kusikia.

"Mzee huyu leo ndiyo anadanganya. Siku ile alisema kweli. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa Mwislamu, na Mungu akipenda nitakufa Mwislamu. Ninachoamini mnakijua. Lakini mama mzazi aliniomba na mtoto alikuwa mkononi mwangu. Nilimwaga maji mara tatu. Nilisema kama alivyotaka mama yake, na nilikusudia alivyokusudia mama yake. Angela, mwanangu, mtu asikwambie vingine. Wala baba yako." Kisha akawageukia watu. "Anayetaka kunisema, anisemee hapa."

Angela aliangusha mfuko, nyanya zikatawanyika, akamshika yule mama shingoni akalia kilio ambacho hakulia hata kaburini.

Mimi nilibaki nimesimama na shati langu la Pasaka. Swaleh alinijia. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige.

"Bartolomeo," akasema. Miaka yote hakuwahi kuniita hivyo. "Siku ile ulisema kweli ili unishinde. Leo umesema uongo ili usifiwe. Ningependa kujua ni lini utamwonea mtu huruma." Akamfuata mkewe. Wakaingia ndani watatu, yeye na Mama Salha na Angela, Adrian akaokota nyanya akaingia nyuma yao. Mlango ukarudishwa. Kijana mmoja mwenye simu akanigusa bega, akaniuliza kama mjadala wa leo bado upo.

Madrasa Mama Salha hajarudishwa hadi leo. Swaleh anakwenda kwa wazee kila Ijumaa kumtetea, nasikia, na hajachoka. Ukatekista nimemrudishia Padre Julius mwenyewe. Alitaka kuniambia kitu kuhusu msamaha, nikamwambia, padre, siyo leo.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kwa Angela. Nilipita mlango wa uani, sikuthubutu wa dukani. Alikuwa anafua. Nikamwomba radhi, nikaomba vizuri, nikafika mpaka chini, magoti kwenye maji ya sabuni. Akaninyanyua. Ni mtoto mwenye adabu, mama yake alimlea. Akaniletea kigoda, akaendelea kufua.

Nikamwuliza jambo lililokuwa linaninyima usingizi. "Siku ile, nilipokuwa nimenyamaza, kama Mama Salha asingetoka, ungemwamini nani?"

Akakamua nguo kwanza, akaianika. "Baba," akasema, "mimi swali lile sikukuuliza wewe nikitegemea jibu. Niliuliza kwa sauti ili Mama Salha asikie ndani. Nilijua yeye atanijibu."

Nilikuwa na la kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mengi, na yote ya kujitetea. Nikachukua kofia yangu, nikaenda barabarani kusubiri bodaboda.